Mtaa Kabla ya Chumba: Familia Inapokwenda Dar es Salaam Ifikie Wapi?

  

Ndugu zetu katika imani, haipiti siku bila ya familia za Unguja na Pemba kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam. Mmoja anampeleka mzazi wake Muhimbili, mwengine anakwenda kutafuta mzigo wa duka Kariakoo, mwengine anamsindikiza mtoto chuo kikuu, mwengine anafuata viza au anaunganisha safari ya bara. Kabla ya safari watu huulizana nauli ya boti, tarehe ya kuonana na daktari na zawadi za kuwapelekea wenyeji. Suala la "tutafikia wapi?" aghlabu huachwa mpaka mwisho, na jibu lake huwa ni moja kati ya mawili: kwa jamaa yeyote aliyeko huko, au kwenye gesti ya rahisi itakayopatikana.

Majibu yote mawili yanaweza kuwa sawa, na yote mawili yanaweza kuwa mtihani. Tumeshuhudia wagonjwa wanaochoka kwa njia kuliko kwa maradhi, udugu wa miaka unaoingia doa kwa sababu ya wiki tatu za kugombania choo kimoja, na watu wa jamaa na msikiti wanaorudi nyumbani wakiwa wamezipoteza Alfajiri zote za safari. Hayo mengi yangeepukika lau mtaa ungechaguliwa kwa kufikiri. Kwa hivyo katika makala hii tutaeleza mambo matatu: nini dini yetu inatufundisha kuhusu pahala pa kufikia, mitaa ya Dar es Salaam ina sifa gani kwa msafiri wa visiwani, na lini inafaa kufikia kwa jamaa na lini haifai.

"Niko Dar" si anwani

Kwanza tuujue ukubwa wa mji wenyewe. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, wakati Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ina watu 1,889,773. Yaani mji ule peke yake unakaribia kuwa mara tatu yetu sote. Umegawika wilaya tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Boti iendayo kasi kutoka Malindi inachukua kiasi cha saa mbili kufika. Mtu akishuka bandarini, kisha akapanda gari kwenda Chanika au Bunju wakati wa foleni ya jioni, safari hiyo ya ndani ya mji inaweza kukaribia muda ule ule aliokaa baharini.

Kwetu sisi, mtu wa Jang'ombe akifikia Kwahani au Amani, tofauti ni ndogo. Tabia hiyo ndiyo tunayoivusha bahari bila ya kujua. Huko tofauti ya mtaa na mtaa ni tofauti ya kuwahi na kutowahi, ya kusikia adhana na kusikia muziki wa baa usiku kucha.

Mafundisho ya dini kuhusu pahala pa kufikia

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) amewafundisha wasafiri kuwa wakipumzika usiku wasilale juu ya njia, kwa sababu hapo hupita wanyama na hukusanyika wadudu wenye madhara. Mafundisho haya yanaonyesha kuwa pahala pa kulala safarini panachaguliwa kwa kuangalia madhara yanayopita hapo wakati wa usiku. Aliyekuwa jangwani alitazama nyoka na vipando. Sisi tuna mengine ya kutazama, lakini mantiki ni ile ile.

Alipohamia Madina, kila ukoo ulitamani Mtume (S.A.W.) afikie kwao. Akamwacha ngamia wake aende kwa amri ya Allah, na akafikia kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.). Abu Ayyub aliona uzito yeye kukaa ghorofa ya juu na Mtume awe chini yake. Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa chini ndiko kunakomrahisishia, na wanavyuoni wamefahamu kuwa ni kwa ajili yake na ya watu wanaokuja kumwona. Tazama jinsi alivyopima: alitazama haja iliyomleta na wepesi wa watu. Fakhari ya pahala hakuitazama.

Imepokewa pia kwamba miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu ni makazi yenye nafasi, jirani mwema na kipando kizuri, na katika mambo ya tabu ni kinyume cha hayo. Ama lile neno mashuhuri la kwamba jirani atafutwe kabla ya nyumba, wataalamu wa hadithi wameona upokezi wake ni dhaifu, kwa hivyo tusilinasibishe kwa Mtume (S.A.W.) kwa kukata. Maana yake lakini ni sahihi, na mafundisho mengine yanaitia nguvu.

Kutokana na hayo tunapata vipimo vitatu vya kuchagua mtaa. Kwanza, haja iliyokutoa nyumbani itimie kwa wepesi. Pili, dini yako na heshima ya watu wako ibaki salama. Tatu, usimdhuru anayekupokea. Bei ya chumba inakuja baada ya hayo, kwa sababu chumba cha rahisi kilicho mbali hulipiwa mara ya pili kwa nauli, na mara ya tatu kwa afya.

Mitaa na sifa zake

Tutaitaja mitaa kwa haja za watu.

Anayekwenda kwa matibabu. Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga, na ndani ya eneo lake zimo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Mifupa, MOI. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko ufukweni, si mbali na bandari ya boti, na Hospitali ya Aga Khan iko upande huo huo wa bahari. Kwa hospitali zote hizi, mtaa bora wa kufikia ni Upanga wenyewe au maeneo ya katikati ya mji kama Kisutu. Upanga ni mtaa mtulivu wenye fleti nyingi, na una misikiti, ukiwemo wa Maamur. Kisutu na mitaa inayoizunguka ina nyumba za wageni za kila daraja na mikahawa ya Waislamu, na Msikiti wa Kitumbini uko karibu. Bei ni kubwa kuliko pembezoni, lakini mgonjwa anayetakiwa dirishani asubuhi na mapema ataweza kusali Alfajiri, kunywa chai na kufika kwa bajaji bila ya kuhangaika.

Jambo hili linazidi uzito kwa mgonjwa wa saratani anayepigwa mionzi. Tiba hiyo kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Mtu ambaye mwili wake unachoka kila siku hapaswi kupandishwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa sababu tu kwa binamu yake hakuna kodi.

Tahadhari moja: si kila "Muhimbili" iko Upanga. Muhimbili ya Mloganzila iko nje kabisa ya mji, upande wa Barabara ya Morogoro, mbele ya Kimara na Mbezi. Soma vizuri karatasi ya rufaa kabla ya kupanga chumba. Aliyeandikiwa Mloganzila akafikia Kisutu amekosea sawa na aliyeandikiwa Upanga akafikia Kibamba. Hospitali ya CCBRT, inayojulikana kwa macho na ulemavu, nayo iko Msasani.

Anayetafuta makazi ya bei ya wastani karibu na mji. Magomeni, Ilala na Kinondoni ni mitaa ya zamani ya Waswahili. Watu wake wanafanana nasi kwa mila, misikiti iko karibu karibu, kama ule wa Kichangani hapo Magomeni, na vyumba vya kukodi kwa wiki au kwa mwezi hupatikana. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yanapita Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kivukoni, na yana matawi ya Kariakoo na Morocco. Aliyeko Magomeni anaweza kufika mjini bila ya foleni kubwa. Ila ajue kuwa kati ya Magomeni na mji kuna bonde la Msimbazi, pale Jangwani. Mvua kubwa zikinyesha, khasa masika, maji hujaa na barabara hufungwa. Mwenye miadi ya hospitali katika miezi hiyo ni salama zaidi alale upande wa mjini.

Mfanyabiashara. Kariakoo ndio pahala pake. Yuko karibu na maduka, wachukuzi na mawakala wa mizigo, na Msikiti wa Mtoro uko hapo hapo. Lakini Kariakoo ina kelele tangu alfajiri hadi usiku, ina msongamano, na ina wezi wa mifukoni. Inamfaa mwanamme mwenye siku mbili tatu na orodha ya mzigo. Kumweka hapo mama aliyetoka kupasuliwa, au watoto wadogo, ni kuwatesa. Fedha za mzigo pia usilale nazo chumbani wala usitembee nazo mkononi. Zipitishe benki au kwenye simu, kwani kuilinda mali ni katika makusudio ya sharia.

Mwanafunzi na mzazi wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, eneo la Mlimani, kiko karibu na Mwenge, Sinza na Ubungo. Sinza ina familia nyingi njema na misikiti, na pia inajulikana kwa mabaa yake. Hapa mtaa mmoja unatofautiana na mtaa wa pili kwa hatua mia. Mzazi anayemtafutia kijana chumba asiridhike kukiona saa nne asubuhi. Apite tena baada ya Isha ndipo atakapoujua mtaa.

Anayeunganisha safari. Mabasi ya mikoani huondokea stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyofunguliwa mwaka 2021. Wengi wetu bado tunaitaja Ubungo kwa mazoea. Mwenye basi la alfajiri alale Mbezi. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere nao uko Barabara ya Nyerere, upande wa Kipawa, na mwenye ndege ya usiku wa manane au alfajiri akilala upande huo atakuwa na utulivu.

Masaki, Oysterbay na Mikocheni ni mitaa ya gharama, na ina utulivu na balozi nyingi. Ni mitaa inayolenga zaidi wageni wa nje, na hoteli zake nyingi zina ukumbi wa pombe. Anayefuata viza anaweza kufikia mjini na kwenda huko mara moja akarudi. Kigamboni nako ni kuzuri kwa mapumziko ya familia, ila kumetenganishwa na mji kwa maji. Kuna pantoni, na kuna daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Kwa mwenye miadi ya kila siku mjini, ni kujiongezea kivuko juu ya kivuko.

Temeke, Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Bunju na mengineyo ya pembezoni ni maeneo yenye Waislamu wengi na misikiti mingi, na huko ndiko waliko jamaa zetu wengi. Dini yako huko iko salama. Kinachohitaji kupimwa ni umbali, na haki ya huyo jamaa. Hapo ndipo tunapofika kwenye suala zito zaidi.

Kukodi chumba hali nina ndugu: ni kukata udugu?

Suala hili linatufikia kwa sura nyingi. Mtu ana dada yake Mbagala, na anampeleka mama yao Ocean Road kwa wiki sita. Akifikia kwa dada, mama atateseka njiani. Akikodi chumba Upanga, dada atasema amedharauliwa, na watu wa nyumbani watasema anajidai ana fedha.

Jawabu letu: kukodi si kukata udugu. Kuunga udugu ni kutembeleana, kuulizana hali, kusaidiana na kusameheana. Hakuna dalili inayofanya kulala nyumbani kwa ndugu kuwa sharti la hayo. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi mbili, ameiwekea ziara mpaka: ukarimu wa mgeni ni siku tatu, ya baada ya hapo ni sadaka, na si halali kwa mgeni kuendelea kukaa mpaka akamtia mwenyeji katika dhiki. Tunaikariri sana sehemu ya kwanza tunapowausia wenyeji wakirimu wageni. Sehemu ya mwisho, inayotuhusu sisi wageni, tunaipita haraka.

Tuwe wakweli kuhusu nyumba tunazozifikia. Jamaa yetu ana vyumba viwili na watoto watano. Tukifika, watoto wanahamia sebuleni. Mke wake anaamka kabla ya adhana kutuchemshia maji, kisha anakwenda kazini. Maji ananunua kwa madumu, na umeme ni wa LUKU, kama sisi tunavyonunua Tukuza. Hawezi kusema "nimechoka" kwa sababu ya haya. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wamesema kuwa mali iliyochukuliwa kwa upanga wa haya ina hukumu ya iliyochukuliwa bila ya ridhaa. Anayekula kwa mtu anayemwonea aibu kumwambia "basi" aiogope hukumu hiyo.

Lipo na jambo la stara. Nyumba ndogo inawakusanya shemeji, binamu na vijana wa mwenye nyumba, na hao si maharimu wa binti zetu. Siku mbili mwanamke anaweza kujizuia. Wiki tatu akiwa na hijabu kutoka Alfajiri hadi usiku ni mashaka, na akichoka huanza kulegeza. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu jamaa za mume kuingia kwa mke, alimfananisha jamaa huyo na mauti, kwa kuwa watu humchukulia wepesi. Basi msifikie pahala ambapo binti atabaki peke yake nyumbani na shemeji wakati nyinyi mko hospitali. Hapo hata nyumba ikiwa kubwa na iko jirani na Muhimbili, haifai.

Pamoja na hayo, hatusemi kila mtu akodi. Mzee asiyeweza kubaki peke yake chumbani, mwanamke ambaye maharimu wake pekee huko ni kaka au mjomba mwenyeji, na asiye na uwezo wa kodi, hawa kwa jamaa ni bora kwao, na mwenyeji ana ujira mkubwa kwa Allah. Ila mgeni atimize wajibu wake. Aje na mchele, sukari na mafuta yake, anunue umeme na maji kabla ya kuambiwa, aseme tangu mwanzo atakaa siku ngapi, na aoshe chombo alicholia.

Na anayeamua kukodi, aseme mapema na kwa maneno mazuri. Asisubiri mpaka dada amsikie mitaani kuwa yuko mjini. Ampigie simu kabla ya boti: "Dada yangu, kwa ajili ya miguu ya mama tutafikia karibu na hospitali, lakini Ijumaa tunakuja kula kwako, na zamu ya kulala na mama wodini tutagawana." Dada aliyeshirikishwa hivi hawezi kusema ametupwa. Nanyi jamaa zetu mlioko Dar es Salaam, tunakuombeni msilichukulie vibaya. Uji wa moto mnaoupeleka wodini ni ukarimu kamili.

Ukishaupata mtaa, iulize nyumba

Baada ya mtaa ndipo linapokuja suala la chumba. Ulizeni haya kabla ya kulipa:

1. Je, wanakodisha vyumba kwa saa? Nyumba inayokodisha kwa saa mchana, mnajua inakodisha kwa nini. Isikanyagwe na familia.
2. Je, ndani au chini yake kuna baa? Kulala katika hoteli inayouza pombe ukiwa huna namna nyengine hakukuharamishii chumba ulicholipia, lakini meza inayopitishwa pombe Mtume (S.A.W.) amekataza kuikalia. Na kelele zake zitamnyima mgonjwa usingizi.
3. Msikiti wa karibu uko umbali gani, na mna sala ya Ijumaa?
4. Choo ni cha ndani au cha kushirikiana? Kwa wanawake na wagonjwa hili si la anasa.
5. Kuna lifti, na inafanya kazi umeme ukikatika? Majengo ya mjini ni marefu, na mgonjwa wa moyo hapandi ghorofa nne.
6. Wanaruhusu kupika au angalau kuchemsha maji?
7. Wanaandikisha wageni kwa kitambulisho? Wanaoandikisha kila mtu ni salama zaidi.

Kukodi chumba ni ijara, na ijara inataka manufaa yajulikane na malipo yajulikane. Kubalianeni bei, idadi ya siku, na nini kitatokea daktari akiwaruhusu mapema, na chukueni risiti. Msitume fedha yote kwa simu kwa mtu aliyekuonyesheni picha tu. Mtafuteni jamaa au mwanafunzi aliyeko huko apite akione chumba, kisha mtume sehemu. Na wanaokodi kwa mwezi wajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, kama mgeni wa kwetu anavyotakiwa kujulikana na sheha.

Sala mkiwa huko

Kibla hakitakupotezeni. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini ya Dar es Salaam kama ilivyo kwetu, kwa hivyo ukielekea kibla, upande linakochomoza jua unakuwa mkono wako wa kulia.

Kuhusu kupunguza sala, watu wa Pemba masafa yao hayana mashaka. Kutoka Mji wa Unguja, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 70 na kidogo, na wengi wa Mashafi wa zama hizi wanazikadiria marhala mbili kuwa ni zaidi ya kilomita 80. Wapo wanavyuoni wengine wanaotazama kinachoitwa safari katika ada ya watu. Kila mtu amfuate mwalimu wake, na msigombane chumbani kwa jambo lenye khitilafu.

Kinachohusiana zaidi na mada yetu ni muda wa kukaa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari imemwondoka: atasali kamili, na mwanamme mzima asiye na udhuru Ijumaa imemlazimu. Anayesubiri haja ambayo hajui lini itaisha, kama majibu ya vipimo, ana ruhusa mpaka siku 18. Kwa hivyo wengi wanaokwenda kwa matibabu marefu wanakuwa wakaazi kwa hukumu ya sala. Hapo mtaa wenye msikiti wa Ijumaa unakuwa ni jambo la wajibu.

Nasaha za kumalizia

Kabla ya kukata tiketi, kaeni kama familia na mjibu masuala matatu kwa mpangilio huu. Tunakwenda wapi hasa, na saa ngapi tunatakiwa hapo? Ni mtaa gani utakaotuweka karibu na hapo, karibu na msikiti, na mbali na maasi? Na nani atakayebeba mzigo wetu, na ameridhia kweli? Baada ya hapo ndio muulize bei. Ikiwa fedha haitoshi, punguzeni wasindikizaji. Mgonjwa mmoja na watu wawili walio karibu na hospitali ni bora kuliko watu saba walioko Chanika.

Mkifika mlipofikia, msisahau dua aliyotufundisha Mtume (S.A.W.) ya kujikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia, kwani ameahidi kuwa mwenye kuisoma hatodhuriwa na kitu mpaka aondoke pahala hapo. Na haja ikishatimia, rudini. Mtume (S.A.W.) ameieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, inamnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akaamrisha mwenye kumaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi wasafiri wetu wa baharini na nchi kavu, na awalipe kheri wote wanaowapokea. Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.